Louis Braille: kusoma si kusomewa

Katika somo letu la historia ya maandishi tulianza na michoro ya Misri, tukapita kwa Wafinisia, tukawafikia Wagiriki na Warumi, kisha tukasimama kidogo kwenye hati za Kiarabu ambazo watu wa pwani walizitumia kuandikia Kiswahili kabla ya herufi za Kilatini. Siku ya mwisho, dakika chache kabla ya kutoka, likatajwa jina la Louis Braille. Tuliandika katika daftari kwamba alikuwa Mfaransa, kwamba alikuwa kipofu, na kwamba alibuni alfabeti ya nukta. Basi. Mwenzetu mmoja akauliza kama hayo kweli ni maandishi, au ni alama tu za kuwasaidia watu wenye shida. Hakuna aliyemjibu. Nilirudi nalo swali lile nyumbani Kikula, na kwa sababu yake naandika makala haya.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kwangu. Babu yangu, aliyetulea pale pale Likasi, alikuwa seremala. Alijifunza kusoma kwa mapadri na akapenda kusoma kuliko wazee wote wa kartie yetu. Macho yake yalianza kufifia kabla sijaanza shule, na nilipojua kusoma yeye alikuwa haoni tena hata mwanga wa mlangoni. Wakati ule simu za mkono zilikuwa bado chache kwetu. Barua zilitufikia kwa mikono ya abiria wa treni waliotoka Kongolo, kwao na babu, na kazi ya kumsomea nilipewa mimi.

Siku moja ikaja barua yenye habari ya kifo cha dada yake. Shangazi, aliyetangulia kuisoma, aliniita jikoni akanikataza kuyatamka maneno hayo, kwa kuwa mzee alikuwa na ugonjwa wa moyo. Nilikuwa na miaka tisa. Nilipofika mahali pale nikatunga salamu: fulani hajambo, mvua imenyesha vizuri, mihogo imestawi. Babu akaniomba nirudie. Nikarudia, lakini salamu za mara ya pili hazikulingana na za kwanza. Akanyosha mkono, akaichukua karatasi, akapitisha vidole juu yake polepole, kutoka mstari wa juu hadi wa chini. Wino haukumwambia kitu. Akaikunja, akaitia mfukoni, na mwaka ule wote hakuniomba tena nimsomee barua.

Ndiyo maana maisha ya Louis Braille nayasoma kwa jicho hilo. Swali lililomsumbua tangu utotoni ndilo lililokuwa katika vidole vya babu: mtu asiyeona atawezaje kuyafikia maneno mwenyewe, bila kupitia kinywa cha mwingine?

Karakana ya Coupvray

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, kilometa zipatazo 40 mashariki ya Paris. Baba yake, Simon-René, alikuwa fundi wa ngozi: alitengeneza hatamu na matandiko ya farasi kwa ajili ya wakulima wa pale. Mama yake aliitwa Monique Baron. Louis alikuwa mtoto wao wa nne, kitinda mimba.

Mwaka 1812, akiwa na miaka mitatu, aliingia katika karakana ya baba yake akataka kufanya kama alivyomwona akifanya. Alishika chombo chenye ncha, akajaribu kutoboa ngozi. Chombo kikateleza na kumchoma jicho. Kwa kawaida husimuliwa kwamba ulikuwa msharasi, kile chuma ambacho hata washona viatu wa masoko yetu hutobolea ngozi. Jicho lile likaoza, na uambukizo ukahamia jicho la pili. Hakukuwa na dawa ya kuuzuia. Alipofikisha miaka mitano alikuwa haoni kabisa.

Katika Ufaransa ya siku zile, mtoto kipofu wa fundi wa kijijini alikuwa na njia moja iliyojulikana: kukaa nyumbani, na wazazi wakifa, kwenda kuomba. Wazazi wa Louis hawakuikubali. Baba alimchongea fimbo ya kumwongoza njiani. Inasimuliwa pia kwamba alimpigilia misumari katika ubao kwa umbo la herufi ili mtoto azipapase. Padri Jacques Palluy, aliyefika Coupvray mwaka 1815, akaanza kumfundisha, kisha mwalimu wa kijiji, Antoine Bécheret, akampokea darasani pamoja na watoto wanaoona. Louis alijifunza kwa masikio, na alijifunza vizuri kuliko wengi. Lakini wenzake walipofungua vitabu, yeye alikunja mikono na kungoja.

Padri na mwalimu wakamwendea kabaila wa mahali, naye akasaidia kumwombea nafasi katika shule ya Paris. Tarehe 15 Februari 1819, akiwa na umri wa miaka kumi, Louis aliingia katika Taasisi ya Kifalme ya Vijana Wasioona.

Herufi za Haüy

Shule ile ilianzishwa na Valentin Haüy mwaka 1785, na ndiyo shule ya kwanza ya namna yake. Haüy hakuwa kipofu. Alikuwa mjuzi wa lugha na mfasiri, yaani mtu wa kazi kama yetu. Mwaka 1771 aliona katika maonyesho ya mtaani mjini Paris kundi la vipofu waliovishwa kofia za kuchekesha na miwani ya bure, wakipiga muziki ovyo huku watu wakiwacheka. Aliondoka pale na aibu ambayo haikumtoka, na mwisho akafungua shule.

Njia yake ya kuwasomesha ilikuwa rahisi kuifikiria. Karatasi nzito ililoweshwa na kukandamizwa juu ya herufi kubwa za risasi, na ilipokauka, herufi zile zikabaki zimeinuka. Mtoto alizipapasa moja moja. Lakini hebu jaribu kuitambua S kwa kuizunguka na kidole, kisha O, kisha Q, ambayo ni O yenye mkia. Mpaka umefika mwisho wa neno refu umesahau lilivyoanza. Vitabu vilikuwa vikubwa na vizito, na kwa sababu ya gharama vilikuwa vichache mno. Tena lilikuwapo pengo kubwa kuliko yote hayo: herufi za namna ile zilitoka katika mashine tu. Mwanafunzi aliweza kusoma, kwa shida, maneno aliyochaguliwa na wengine. Kuandika jibu hakuweza.

Haüy aliwapa wasioona herufi zile zile alizozipenda yeye kwa macho yake. Hakuna wa kumlaumu. Kabla yake hawakuwa na kitu. Lakini umbo la herufi ya Kilatini lilizaliwa kwa ajili ya macho, na kidole kina sheria zake.

Jengo lenyewe la shule lilikuwa seminari ya zamani, lenye unyevu na hewa mbaya. Wengi wanaamini kwamba huko ndiko Louis alikopata ugonjwa wa kifua uliomuua. Ni huko pia alikompata Gabriel Gauthier, rafiki yake wa maisha, na muziki, ambao mikono yake iliushika upesi.

Nukta kumi na mbili za Barbier

Mwaka 1821 shule ilipata habari za njia mpya. Aliyeileta ni Charles Barbier, afisa wa zamani wa kikosi cha mizinga, aliyekuwa amejishughulisha na namna za kuandika kwa haraka, za kuandika kwa siri, na za kuandika gizani. Barbier aliziacha herufi kabisa. Alipanga sauti 36 za Kifaransa katika jedwali la mistari sita, kila mstari una sauti sita. Ili kuandika sauti moja, ulitoboa nukta katika safu mbili za wima: idadi ya nukta za safu ya kwanza ilitaja mstari wa jedwali, na idadi ya safu ya pili ilitaja nafasi katika mstari huo. Sauti ya mwisho ya jedwali ilihitaji nukta kumi na mbili.

Wanafunzi waligundua mara moja kitu ambacho Haüy hakukijua: nukta hujulikana kwa kidole kuliko mstari. Tena, kwa kibao na chuma chenye ncha, mtu aliweza kuandika mwenyewe. Louis alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliishika njia ile, akaizoea, kisha akaanza kuona kasoro zake.

Ya kwanza ilikuwa ya kidole. Nukta sita kwenda chini haziingii chini ya ncha ya kidole kwa mguso mmoja. Lazima uteremke na kuhesabu, na anayehesabu hasomi. Ya pili ndiyo inayotuhusu sisi wa kitivo cha lugha. Barbier aliandika sauti, si tahajia. Hakukuwa na alama za uakifishaji, wala tarakimu, wala noti za muziki. Kwa Kifaransa hilo ni jambo zito. Kila aliyepita katika imla za shule zetu anayajua maneno ver (mnyoo), vers (kuelekea), verre (glasi) na vert (kijani): sinia moja kwa sikio, sahani nne kwa jicho. Mtu anayeandika kwa njia ya Barbier asingejua kamwe kwamba ni maneno manne.

Msomaji atasema kwamba Kiswahili hakina tatizo hilo, kwa kuwa tunaandika tunavyotamka. Sivyo kabisa. Sisi wa Katanga tunatamka mutu, mukubwa, mutoto, na wengi wetu tumepata alama nyekundu kwa kuyaandika hivyo katika kazi ya darasani. Kwa njia ya Barbier, mwanafunzi wa Likasi na mwanafunzi wa Unguja wangeandika lugha mbili. Tahajia ni mapatano ya watu ambao hawatakutana, na anayenyimwa tahajia ananyimwa nafasi katika mapatano hayo. Barbier alifikiri kwamba yale aliyowapa yaliwatosha watu wasioweza kupata masomo ya kawaida. Kijana Louis aliona kwamba kipofu anahitaji kila kitu kilicho katika kitabu, hadi mkato na nukta ya mwisho.

Barbier alikuwa mtu mzima mwenye heshima na hakupenda sana kurekebishwa na mtoto. Louis hakubishana. Alirudi kwenye kibao chake.

Nukta sita

Alifanya kazi usiku katika bweni, na wakati wa likizo nyumbani Coupvray. Ilipofika mwaka 1824, akiwa na miaka kumi na mitano, msingi wa njia yake ulikuwa tayari.

Alikata kimo cha Barbier nusu. Badala ya nukta sita kwenda chini, aliweka tatu. Badala ya kumi na mbili kwa jumla, sita. Kisanduku kizima kikaenea chini ya ncha moja ya kidole. Nukta za upande wa kushoto huhesabiwa 1, 2, 3 kutoka juu, za kulia 4, 5, 6. Kwa kuweka au kuacha kila moja, hupatikana maumbo 63, na hayo yanatosha herufi, alama za mkazo, alama za uakifishaji na zaidi.

Utaratibu wake ni wa kufundishika, na mtu aliyewahi kufundisha shule ya msingi kama mimi hulitambua hilo upesi. Herufi kumi za kwanza, a hadi j, hutumia nukta nne za juu tu. A ni nukta 1. B ni 1 na 2. C ni 1 na 4. Kumi zinazofuata, k hadi t, ni zile zile zikiongezewa nukta 3: a ikipata nukta 3 ni k, b ikiipata ni l. Kundi la tatu huongezewa nukta 3 na 6. Mwenye kujua herufi kumi za kwanza ameshajua karibu zote. Tarakimu nazo ni herufi hizo kumi zikitanguliwa na alama ya namba.

Kuna herufi moja iliyo nje ya mpango, nayo yatuhusu. Katika u, v, x, y, z ya Louis, w haimo, kwa sababu Kifaransa cha siku zake hakikuihesabu katika alfabeti. Ilipohitajiwa kwa lugha nyingine ilipewa umbo katika kundi la nne: j ikiongezewa nukta 6. Bila nyongeza hiyo Kiswahili kisingeweza kuandika watu, wala wewe, wala mwalimu. Kwa hiyo kila Mswahili anayesoma kwa vidole hupita mara nyingi kwa siku juu ya herufi ambayo mbuni wa njia hakuifikiria, na njia yake iliipokea bila kuvunjika.

Umbo la nukta hizi halifanani na A wala B ya kuandikwa. Wengine waliona hilo kuwa kasoro. Mimi naona ndipo ugunduzi ulipo. Tunafundishwa kwamba uhusiano kati ya neno na kitu ni wa nasibu: hakuna kitu ndani ya mti kinachoudai uitwe mti. Louis Braille, mtoto wa fundi, alilielewa jambo hilo kwa upande wa herufi: hakuna kitu ndani ya sauti a kinachoidai ichorwe kwa mistari mitatu. Yatosha kwamba alama zitofautiane, na kwamba tofauti zake zimfae anayesoma.

Mwaka 1829 alichapisha kitabu cha kueleza njia yake ya kuandika maneno, muziki na nyimbo za kanisa kwa nukta. Kitabu chenyewe kilichapishwa kwa zile herufi kubwa za kuinuka, kwa kuwa ndizo shule ilizoweza kuchapa. Ndani yake alimshukuru Barbier na kukiri kwamba njia yake imetoka katika ile ya mzee huyo. Toleo la pili, la mwaka 1837, liliacha vistari vilivyochanganywa na nukta mwanzoni, na njia ikawa karibu sawa na inayotumika leo.

Mwalimu na mpiga kinanda

Louis hakuondoka tena katika shule ile. Alikuwa mwalimu msaidizi mwaka 1828, kisha mwalimu kamili mwaka 1833. Alifundisha historia na hesabu, na mwaka 1838 alitoa kitabu kidogo cha hesabu kwa wanaoanza. Kuanzia mwaka 1834 alipiga kinanda katika kanisa la Saint-Nicolas-des-Champs mjini Paris. Waliomjua walimkumbuka kama mtu mpole, mwenye mpango, mwepesi wa kukopesha fedha na mzito wa kudai. Baba yake alikufa mwaka 1831. Yeye mwenyewe alianza kukohoa damu akiwa na umri wa miaka kama 26.

Nukta zilikuwa zimewawezesha wasioona kuandikiana. Bado walishindwa kuwaandikia wanaoona. Mwanafunzi aliyetaka kumpelekea mama yake barua alimtafuta mtu wa kumwandikia, na huyo akazijua siri zote. Mwaka 1839 Louis akatoa njia nyingine: jedwali la kuonyesha ni nukta zipi, hadi kumi kwa kimo, zikitobolewa hufanya umbo la herufi ya kawaida inayosomeka kwa macho. Kazi ilikuwa ya taratibu mno, mpaka Pierre Foucault, fundi kipofu, alipotengeneza mashine ya kuiharakisha. Kwa maoni yangu, njia hii iliyosahauliwa ndiyo inayoonyesha moyo wa Louis. Alitaka barua ipite kati ya wawili, bila wa tatu.

Upinzani

Mkurugenzi Pignier, aliyempenda Louis na kuziruhusu nukta, aliondolewa mwaka 1840. Aliyemfuata, Dufau, alileta vitabu vya herufi za kuinuka za namna nyingine na kuzikataza nukta. Hoja ya waliozikataa haikuwa ya kipumbavu: nukta, walisema, zitawatenga wasioona na jamii, kwa sababu wazazi na walimu hawawezi kuzisoma. Nyuma ya hoja hiyo ilikuwapo hofu isiyotamkwa. Mwalimu anayeona angelazimika kujifunza upya, na mwalimu kipofu angemzidi.

Historia ya shule inasimulia kwamba vyombo vya kuandikia vilichukuliwa na vitabu kuchomwa moto, lakini wanafunzi waliendelea kwa siri. Nalifikiri tukio hilo mara nyingi. Hapakuwa na vitabu vya nukta vya kuwavutia, wala cheti, wala kazi. Watoto wale walikubali kuadhibiwa kwa ajili ya uwezo wa kuandika jambo na kulisoma wenyewe kesho yake.

Aliyegeuza mambo ni naibu wa Dufau, Joseph Guadet, aliyewatazama wanafunzi na kukubali alichokiona. Shule ilihamia jengo jipya mwaka 1843, na katika sherehe ya kulizindua, tarehe 22 Februari 1844, maelezo yake kuhusu njia ya Louis Braille yalisomwa hadharani. Inasimuliwa kwamba mtoto mmoja aliandika kwa nukta mistari aliyosomewa, na mwingine ambaye hakuwapo chumbani akaitwa kuisoma. Louis alikuwa amekaa mle ndani, mgonjwa, akisikiliza.

Sisi wa Kiswahili tunaijua hali ya kuandikiwa kanuni na watu wengine. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha tahajia ya Kiswahili Afrika Mashariki ilikuwa mwanzoni ya maafisa na wamisionari, na waliokisema tangu matitini hawakukaa mezani. Ni nadra katika historia kuona maandishi yakitungwa na yule yule atakayeyasoma. Hiki ni kisa kimoja kama hicho, na tumeona jinsi wenye shule walivyokichelewesha.

Baada yake

Louis Braille alikufa tarehe 6 Januari 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43. Inasimuliwa kwamba aliacha kisanduku na kuagiza kichomwe bila kufunguliwa. Rafiki zake walipokifungua walikuta hati za fedha alizowakopesha wanafunzi, ambazo hakutaka zidaiwe. Alizikwa Coupvray. Ufaransa iliikubali njia yake rasmi mwaka 1854, na mkutano wa kimataifa uliofanyika Paris mwaka 1878 ukaipendekeza kwa mataifa mengine. Marekani walishindana kuhusu nukta zipi zitumike hadi karne ya 20. Mwaka 1952, miaka mia moja baada ya kifo chake, mwili wake ulihamishiwa Panthéon mjini Paris, Helen Keller akiwapo. Watu wa Coupvray waliomba wabaki na mikono yake, na iko huko hadi leo.

Kwetu njia hii ilikuja na shule za misheni. Nchini Kenya, Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona ya Thika mwaka 1946. Tanzania ilipata ya Buigiri, karibu na Dodoma, mwaka 1950. Miaka hiyo hiyo UNESCO ilianza kazi ya kupatanisha nukta za lugha mbalimbali ili a ya Kiarabu, ya Kihindi na ya Kiswahili isiwe maumbo matatu tofauti. Watanzania wanaita maandishi haya nukta nundu, jina zuri, kwa kuwa linasema kile ambacho kidole hukikuta.

Leo simu husoma kwa sauti, na wapo wanaosema kwamba wakati wa nukta umepita. Sauti ya simu ni msaada mkubwa, nami naitumia mwenyewe nikichoka. Lakini anayesikiliza tu hajui kama ni mtu au mutu, wala mkato umekaa wapi. Mtoto anayeona hatungemwambia kwamba redio inamtosha, hana haja ya kujifunza kuandika.

Kwa mwenzetu aliyeuliza darasani, jibu langu ni hili. Maandishi ni kitu kinachomwezesha mtu kuyarudia maneno peke yake na kuyakuta yalivyoachwa. Nukta za Louis Braille zinafanya hivyo. Mimi nilipomsomea babu, sikufanya hivyo.

Babu alifariki nikiwa na miaka kumi na minne. Baada ya mazishi jirani yetu mmoja alitueleza kwamba jioni ile ya barua babu alimfuata, akiongozwa na fimbo, akamwomba amsomee. Alimlilia dada yake huko, akanawa uso, akarudi nyumbani kula pamoja nasi. Kwa miaka mitano sisi tulimficha jambo analolijua, naye alituficha kwamba analijua.

Mwaka huu mwalimu mmoja wa wasioona alinipa kibao na chuma cha kutobolea, akanionyesha namna ya kuvitumia. Ukiandika huanza kulia kwenda kushoto, kwa kuwa nundu hutokea upande wa pili wa karatasi; neno langu la kwanza lilitoka kinyume. Sasa naandika polepole, nafuta kwa ukucha, narudia. Sentensi ya kwanza niliyoimaliza bila kosa ni ile ya barua ya Kongolo niliyoiruka. Ina maneno saba, na moja linaanza kwa w.